Glasi Mbili Mezani: Namna ya Kuonja na Kulinganisha Shampeni

Mimina shampeni kwenye glasi, onja, kisha ueleze ulichoonja. Wengi ninaowapa jaribio hilo hunijibu kwa maneno matatu: ni baridi, ina gesi, ni chachu kidogo. Sasa weka kando yake glasi ya pili yenye shampeni ya aina nyingine, halafu uliza tena. Maneno yanaanza kumiminika. Hii ni kali zaidi. Ile inanukia mkate. Hii inapotea haraka mdomoni, ile inakaa. Mwonjaji ni yuleyule na ulimi ni uleule, ila sasa amepata cha kulinganisha.

Nimewafundisha watu kuonja mvinyo kwa miaka mingi, na hilo ndilo somo ninalolithamini kuliko yote. Shampeni ikiwa peke yake husema machache. Ikipata mwenzake mezani husema mengi. Lakini mwenzake huyo asichaguliwe ovyo. Chupa mbili unazozilinganisha zinapaswa kuachana kwa jambo moja kubwa, na mengine yote yakaribiane kadiri inavyowezekana. Ukiziweka pamoja chupa zinazoachana kwa zabibu, umri, sukari na mtengenezaji kwa mpigo, utajua kwamba hazifanani, ila hutajua kwa nini. Kwa hiyo napendekeza jozi nne, kila moja na swali lake. Ukizipitia zote utaweza kusoma lebo na kukisia ladha kabla kizibo hakijatoka.

Baridi, chaki na hamira

Champagne ni eneo la kaskazini-mashariki mwa Ufaransa, takriban kilomita 150 kutoka Paris. Miji yake mikuu ya mvinyo ni Reims na Épernay. Kwa sheria za Ufaransa na za Umoja wa Ulaya, jina la shampeni ni la mvinyo wa eneo hilo peke yake, uliotengenezwa kwa kanuni zake. Mvinyo wenye gesi wa Italia, Hispania au Afrika Kusini unaweza kuwa mzuri sana, lakini una majina yake: prosecco, cava, Cap Classique.

Mizabibu ya huko huishi ukingoni mwa baridi inayoweza kuivumilia. Wastani wa joto la mwaka ni karibu nyuzi 11 tu. Mkulima wa zabibu wa Dodoma anaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Mwenzake wa Champagne huvuna mara moja, kwa kawaida mwezi Septemba, na zabibu zake huwa na sukari kiasi na uchachu mwingi. Kwingine hiyo ingekuwa hasara. Hapa ndiyo mali, kwa kuwa uchachu ndio uti wa mgongo wa shampeni. Chini ya mashamba mengi kuna mwamba wa chaki, ambao hunyonya mvua kama sifongo na kuyarudishia mizizi maji polepole wakati wa ukame.

Zabibu huchumwa kwa mkono, hilo ni sharti. Hukamuliwa taratibu ili maji yake yasichukue rangi ya maganda, kisha huchachuka na kuwa mvinyo mweupe, mkali, usio na gesi. Baadaye mtengenezaji huchanganya mvinyo wa vijiji tofauti, wa zabibu tofauti, na mara nyingi wa miaka tofauti. Mchanganyiko huo hutiwa chupani pamoja na hamira na takriban gramu 24 za sukari kwa kila lita, chupa zikafungwa na kulazwa chini ya ardhi. Hamira hula sukari na kutoa gesi ya kaboni dioksidi. Kwa kuwa gesi haina pa kutokea, huyeyuka ndani ya mvinyo hadi mgandamizo unafikia karibu mara sita ya ule wa hewa inayotuzunguka, zaidi ya mara mbili ya upepo ulio kwenye tairi la gari dogo.

Chini ya mji wa Reims kuna machimbo ya kale ya chaki ambayo leo ni maghala ya shampeni. Tangu 2015 yamo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO pamoja na vilima na majumba ya mvinyo ya eneo hilo. Ukishuka humo na kuinua chupa iliyolala mbele ya taa, utaona ubavuni mwake mstari mweupe, mwembamba kama unga uliopepetwa. Hayo ni mashapo, mabaki ya hamira iliyokufa baada ya kumaliza kazi. Ili yatoke, chupa huinamishwa na kuzungushwa kidogo kidogo, siku hizi mara nyingi kwa mashine, hadi mashapo yote yatelemkie shingoni. Shingo hutumbukizwa kwenye maji ya chumvi ya nyuzi 27 chini ya sifuri, mashapo yakaganda. Kifuniko kikiondolewa, donge la barafu huruka na uchafu wote. Nafasi iliyobaki kwa kawaida hujazwa mvinyo wenye sukari kidogo, kisha kinakuja kizibo na waya wake.

Kila hatua kati ya hizo ni uamuzi wa mtu: zabibu gani, kutoka wapi, zichachukie kwenye chombo gani, chupa ilale muda gani, sukari iongezwe kiasi gani. Tunapolinganisha shampeni, tunaonja maamuzi hayo.

Kuandaa meza

Glasi nyembamba ndefu tulizozizoea kwenye sherehe zinapendeza kwa macho, lakini hukusanya gesi karibu na mdomo wa glasi, ikakuchoma pua kabla hujanusa chochote. Zile pana kama bakuli huiachia harufu itoroke. Chukua glasi ya mvinyo mweupe, yenye tumbo na mdomo unaojikunja ndani kidogo, na kila shampeni iwe na glasi sawa na ya mwenzake. Zioshe kwa maji ya moto na kuzisuuza hadi pasibaki dalili ya sabuni, kwa sababu sabuni huua povu.

Sasa tazama kwa karibu. Viputo havizuki popote tu. Vinapanda katika mistari kama shanga zilizotungwa, na kila mstari una chanzo chake kwenye ukuta wa glasi. Gérard Liger-Belair, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Reims aliyetumia miaka mingi kuchunguza viputo vya shampeni, ameonyesha kwamba vyanzo vingi ni vinyuzi vidogo sana vilivyoachwa na kitambaa cha kufutia au vilivyotua kutoka hewani. Hewa iliyonaswa ndani ya kinyuzi ndiyo huvuta gesi na kuunda kiputo, tena na tena. Glasi ya mililita 100 inaweza kutoa takriban viputo milioni moja. Kila kiputo kikipasuka juu hurusha matone madogo mno yaliyobeba harufu, na ndiyo maana pua hufaidi shampeni kabla ya ulimi. Kwa mwonjaji kuna funzo jingine: wingi wa viputo hutegemea glasi na kitambaa kama unavyotegemea mvinyo. Usiitukuze wala kuishusha shampeni kwa kuhesabu mistari yake.

Ipoze hadi nyuzi 8 au 10. Iliyozeeka inapendelea 10 hadi 12. Baridi kali ya friji hufunga harufu zote. Kwa sisi wa pwani hatari ya pili ni joto, hivyo mimina kidogo, theluthi ya glasi, na kuongeza kila inapohitajika. Kufungua nako kuna adabu yake. Legeza waya kwa kuuzungusha nusu mzunguko mara sita, bana kizibo kwa kiganja, chupa iinamishe isimwelekee mtu, kisha zungusha chupa badala ya kizibo. Kizibo kitoke kwa pumzi, si kwa mshindo. Mshindo ni gesi na mvinyo unaopotea. Mimina glasi ikiwa imeinamishwa, kwa kuwa namna hiyo huhifadhi gesi zaidi.

Jambo la mwisho ni kuzifunga chupa kwa karatasi na kuzipa namba. Jina kubwa huonja kabla ya ulimi. Nimewaona watu wakikunja uso kwa chupa namba mbili na kuisifia mno namba moja, kisha karatasi zikifunuliwa wanataka kubadilisha walichokiandika. Walichokiandika kwanza ndicho chao. Weka maji, kipande cha mkate usio na siagi, na chombo cha kutemea. Anayemeza kila tone hafiki jozi ya tatu akiwa na ulimi wa kuaminika.

Maneno ya jikoni kwetu

Vitabu vya mvinyo vimejaa matunda na maua ya bustani za Ulaya, na msomaji anayetafuta harufu asiyoijua hujiona hana pua. Pua anayo. Anachohitaji ni maneno aliyokua nayo, na Kiswahili kinayo.

Anza na uchachu. Asidi kuu ya zabibu ni ileile kuu ya ukwaju, kwa hiyo kama umewahi kunywa maji ya ukwaju bila sukari, tayari unaufahamu mshtuko ule wa pembeni mwa ulimi unaoleta mate. Asidi ya pili ya zabibu ni ile ya tofaa bichi, kavu na yenye makali. Baada ya mvinyo kuchachuka, bakteria wanaweza kuigeuza asidi ya tofaa kuwa asidi ya maziwa, ileile ya mtindi. Watengenezaji wengi wa Champagne huiruhusu kazi hiyo. Wachache huizuia ili wabaki na makali ya tofaa. Ukionja shampeni, jiulize: uchachu huu ni wa tofaa bichi au wa mtindi? Umeshajibu swali ambalo wataalamu hulipangia semina.

Tuna pia ukakasi, neno zuri sana, lile kunyauka kwa ulimi unapokula ndizi mbichi au bibo. Shampeni nyeupe huwa na ukakasi mdogo. Shampeni ya waridi iliyolowekwa na maganda ya zabibu inaweza kuwa nao waziwazi. Tuna harufu ya unga uliokandwa ukaachwa uumuke, ya maandazi yakitoka kwenye mafuta, ya samli, ya korosho za kukaanga, ya asali mbichi, ya ganda la limau likikwaruzwa. Zote nimezikuta ndani ya shampeni. Ziandike kwa majina hayo.

Jozi ya kwanza: zabibu

Swali: zabibu hubadilisha nini? Tafuta chupa iliyoandikwa blanc de blancs na nyingine iliyoandikwa blanc de noirs, zote brut, yaani zenye sukari kidogo, zote zisizo na mwaka kwenye lebo.

Karibu shampeni yote hutoka kwenye zabibu tatu: Pinot noir, Meunier na Chardonnay. Mbili za kwanza zina maganda meusi, ila nyama yake ni nyeupe, ndiyo maana zinatoa mvinyo mweupe zikikamuliwa kwa upole. Blanc de blancs ni nyeupe itokanayo na zabibu nyeupe, karibu kila mara Chardonnay. Blanc de noirs ni nyeupe itokanayo na zabibu nyeusi. Makao makuu ya Chardonnay ni Côte des Blancs, mfululizo wa vijiji kusini mwa Épernay: Cramant, Avize, Oger, Le Mesnil-sur-Oger. Pinot noir ina ngome zake kwenye Montagne de Reims, katika vijiji kama Bouzy, Ambonnay na Verzenay, halafu tena kusini kabisa, Aube, karibu na Burgundy. Meunier hutawala bonde la mto Marne. Huchipua kwa kuchelewa, hivyo huiponyoka mara nyingi baridi ya ghafla ya majira ya kuchipua.

Onja Chardonnay kwanza. Huingia mdomoni kama uzi uliovutwa: nyembamba, iliyonyooka, yenye limau, tofaa la kijani na mara nyingine ladha inayokumbusha vumbi la chaki. Kisha onja Pinot noir. Hii hutanuka, hujaza mashavu, na matunda yake ni mekundu zaidi, kama stroberi au tofaa jekundu lililoiva. Usiulize bado ipi ni nzuri. Uliza ipi ni ndefu na ipi ni pana. Mwonjaji akishalishika umbo hilo, hata kwenye chupa iliyochanganya zabibu zote tatu ataanza kuhisi wapi Chardonnay inavuta na wapi Pinot noir inajaza.

Kuna jumba la shampeni liitwalo Salon lililoibeba hoja hii hadi mwisho wake: hutoa shampeni ya zabibu moja, Chardonnay, ya kijiji kimoja, Le Mesnil-sur-Oger, ya mwaka mmoja, na miaka isiyoridhisha huachwa ipite. Hiyo ni njia adimu. Desturi kuu ya Champagne ni kuchanganya, na Dom Pérignon, mtawa aliyetunza ghala la abasia ya Hautvillers hadi alipofariki 1715, anastahili sifa kwa ustadi huo wa kuchanganya zabibu, si kwa kuvumbua viputo. Mwingereza Christopher Merret alikwisha kueleza mwaka 1662, mbele ya jumuiya ya wanasayansi ya London, jinsi sukari inavyoongezwa kwenye mvinyo ili uchangamke.

Jozi ya pili: muda

Swali: kulala kunafanya nini? Chukua chupa mbili za jumba moja, moja isiyo na mwaka na nyingine yenye mwaka wa mavuno kwenye lebo.

Sheria inadai shampeni isiyo na mwaka ikae angalau miezi 15 ghalani tangu itiwe chupani, 12 kati ya hiyo ikiwa juu ya mashapo yake. Yenye mwaka hudaiwa miaka 3, na majumba mengi hupitiliza. Kinachotokea humo ni cha polepole sana. Seli za hamira iliyokufa hujivunja na kuachia ndani ya mvinyo vitu vinavyolainisha povu na kuleta harufu ya mkate, biskuti na lozi. Hakuna njia ya mkato. Kila mwezi unalipiwa kwa nafasi ya ghala na kwa fedha iliyolala na chupa.

Nusa ile changa: matunda mabichi, maua, limau. Nusa ile kongwe: mkate ulioiva, korosho, pengine asali. Kisha sikiliza povu kwa ulimi. Changa huchoma kama sindano ndogo. Iliyolala sana hutambaa kama krimu.

Hata hivyo chupa isiyo na mwaka si ndugu mdogo wa kudharauliwa. Champagne ina miaka ya mvua, barafu na mvua ya mawe, na ili ladha ya jumba isiyumbe, watengenezaji huweka akiba ya mvinyo wa miaka ya nyuma na kuuchanganya na wa mwaka mpya. Krug, jumba lililoanzishwa 1843, huunda Grande Cuvée yake kwa zaidi ya mvinyo 100 tofauti wa zaidi ya miaka 10. Yenye mwaka hukusimulia msimu mmoja; isiyo na mwaka hukusimulia kumbukumbu ya nyumba nzima. Angalia pia lebo ya nyuma: watengenezaji wengi sasa huandika tarehe ambayo mashapo yalitolewa. Kabla ya tarehe hiyo shampeni hukomaa kwa nguvu za hamira. Baada yake hukomaa kwa hewa kidogo iliyoingia, ikielekea kwenye tosti na asali.

Jozi ya tatu: sukari

Swali: utamu unaficha nini na kufunua nini? Weka brut nature mkabala na demi-sec, na kama unaweza, za mtengenezaji mmoja.

Maneno ya lebo huwapoteza wengi. Brut nature haiongezwi sukari na ina chini ya gramu 3 kwa lita. Extra brut haizidi 6. Brut ina chini ya 12. Inayofuata, extra dry, ina 12 hadi 17, yaani ni tamu kuliko brut ingawa jina linadai ukavu. Sec ina 17 hadi 32, demi-sec 32 hadi 50, na doux huanzia 50. Kwa kulinganisha, soda ya kawaida ina takriban gramu 100 kwa lita.

Majina hayo yalitungwa wakati vinywaji vilikuwa vitamu mno. Mwaka 2010 wapiga mbizi walikuta karibu na visiwa vya Åland, katika bahari ya Baltiki, meli iliyozama takriban miaka 170 kabla ya hapo ikiwa na chupa 168 za shampeni, zikiwemo za Veuve Clicquot. Zilikuwa kwenye kina cha mita 50 hivi, gizani na katika baridi. Wanasayansi wa Reims walipozipima, matokeo yakachapishwa 2015, walikuta takriban gramu 150 za sukari kwa lita: mara moja na nusu ya soda. Na walipozinusa mara ya kwanza zilitoa harufu ya mnyama, ya nywele zilizoloa, ya jibini. Zilipozungushwa kwenye glasi na kupata hewa, yakajitokeza moshi, viungo, ngozi na hata maua. Shampeni iliyokaa karne na zaidi baharini ilihitaji dakika chache tu za hewa ili ijieleze. Nayo ya dukani ipe dakika zake kabla hujaihukumu.

Mwelekeo uligeuzwa na soko la Waingereza, waliopenda kunywa shampeni pamoja na chakula. Mwaka 1874 Louise Pommery, mjane aliyeendesha jumba la Pommery mjini Reims, alitoa shampeni kavu iliyofungua njia ya brut tunayoijua.

Ukionja jozi hii utaona kwamba brut nature haina pa kujificha: kama zabibu hazikuiva vizuri, ukali wake utakuparura. Demi-sec hulainisha kila pembe, lakini iliyotengenezwa kwa uangalifu bado ina uchachu unaoinua utamu usikae mzito. Na hapa nina ombi kwa waandaaji wa harusi zetu. Desturi ni kufungua chupa wakati wa kukata keki. Keki tamu mdomoni hugeuza brut yoyote kuwa maji ya ndimu, na wageni wanaondoka wakiamini shampeni ni kinywaji kichungu cha matajiri. Kanuni ni rahisi: kinywaji kisizidiwe utamu na chakula. Keki ipewe demi-sec; brut itolewe mapema, pamoja na korosho za chumvi, samaki au sambusa, ambapo uchachu na viputo vyake husafisha mafuta ulimini.

Jozi ya nne: mkono wa mtengenezaji

Swali: nani aliitengeneza, na kwa vyombo gani? Champagne ina takriban hekta 34,000 za mizabibu, na sehemu kubwa iko mikononi mwa wakulima wadogo, ambao idadi yao ni karibu 16,000. Majumba makubwa yenye majina maarufu hununua kwao zabibu nyingi. Lakini baadhi ya wakulima hutengeneza shampeni yao wenyewe.

Kuwatofautisha, soma herufi mbili ndogo zilizo pembeni mwa lebo. NM ni jumba linalonunua zabibu. RM ni mkulima anayetengeneza kwa zabibu zake mwenyewe. CM ni ushirika wa wakulima. Jumba hulenga ladha isiyobadilika kutoka mwaka hadi mwaka; mkulima mara nyingi hukuonjesha kijiji chake, pamoja na furaha na dhiki za mwaka husika. Herufi hizo si cheti cha ubora. Nimeonja chupa za RM zilizonitoa machozi ya furaha na nyingine zilizokuwa chafu. Ndivyo ilivyo kwa NM.

Kisha kuna chombo. Bollinger ya Aÿ na Krug ya Reims huendelea kuchachushia mvinyo kwenye mapipa ya mwaloni. Ruinart, iliyoanzishwa 1729, inajulikana kwa matangi ya chuma kisichoshika kutu. Pipa hupenyeza hewa kidogo, na mvinyo hutoka mpana, wenye karanga, viungo na tofaa lililokatwa likaanza kugeuka rangi. Tangi huulinda dhidi ya hewa, nao hutoka safi, wenye limau na maua. Ziweke pamoja na utaelewa kwamba watu wawili wenye zabibu zinazofanana wanaweza kufika mahali mbalimbali kabisa.

Unapolinganisha, jua pia kasoro ili usimhukumu mtengenezaji kwa chupa iliyoharibika. Harufu ya kadibodi iliyoloa au gunia lenye ukungu hutoka kwenye kizibo kibovu. Chupa hiyo irudishwe. Harufu ya kabichi iliyochemshwa huweza kuletwa na mwanga, hasa kwenye chupa za kioo cheupe. Ndiyo maana Cristal ya Louis Roederer, iliyobuniwa 1876 kwa ajili ya Tsari Alexander II wa Urusi kwenye chupa ang'avu, huuzwa ikiwa imefungwa karatasi ya njano inayozuia miale. Chupa yoyote ya shampeni iliyosimama miezi mingi chini ya taa kali za duka, iache hapo ilipo.

Glasi ya mwisho

Ukishamaliza jozi, na kabla karatasi hazijafunuliwa, bakisha kidogo katika kila glasi na uiache mezani nusu saa. Viputo vitapungua, baridi itaondoka. Wengi humwaga kilichobaki wakati huo, na ndipo hasa mimi hurudi kuonja. Gesi na barafu ni mavazi mazuri, lakini hufunika mengi. Sasa yamevuliwa na kilichobaki ni mvinyo wenyewe. Baadhi ya glasi zitakuwa zimekauka hadi kuwa uchachu mtupu. Nyingine, bila kiputo hata kimoja, bado zitakuwa na limau lake, mkate wake na ile ladha inayobaki ulimini ukihesabu moja hadi kumi. Andika namba za hizo zilizosimama. Kisha funua karatasi.